Kenya Bird Map: Hazina ya Data kwa Mtafiti wa Hali ya Awali

Kwa yeyote anayeandaa utafiti wa hali ya awali ya ikolojia, yaani wa viumbe na mazingira yalivyo kabla ya ujenzi, katika viunga vya Nairobi, iwe ni kwa ajili ya barabara, kiwanda au mtaa mpya wa nyumba, ningependekeza aifungue Kenya Bird Map, ramani ya mtandaoni ya ndege wa Kenya, kabla hata ya kukodi gari la kwenda uwandani. Mradi huu, uliozinduliwa mwaka 2013, umeigawa nchi nzima katika miraba ya dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, yaani takriban kilomita 9 kila upande, na wapenda ndege hujitolea kujaza kadi, yaani orodha za ndege walioonekana, za kila mraba. Kwa kulinganisha, atlasi ya ndege wa Kenya ya mwaka 1989 ilitumia miraba mikubwa zaidi, ya takriban kilomita 55 kila upande.

Ubora wake umo katika kadi yenyewe. Mwangalizi hutakiwa kutumia angalau saa 2, ajitahidi kufika katika mazingira yote ya mraba, kichaka, bwawa na mbuga, na kuandika kila aina kwa mpangilio alivyoiona. Baada ya hapo anaweza kuongeza aina nyingine hadi siku ya 5. Kwa kuwa juhudi iliyotumika inajulikana, mtafiti anaweza kukokotoa ni sehemu gani ya kadi zote iliyomtaja karani tamba au tumbusi, na akapata kipimo kinacholinganishika baina ya miraba na baina ya miaka. Orodha tupu ya majina haiwezi kumpa hilo.

Hata hivyo, data hizi zinadai msomaji makini. Mraba wenye kadi chache hauthibitishi kwamba ndege hawapo, na inasikitisha kuona ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira zikigeuza ukimya huo kuwa ushahidi, ilhali uamuzi wa kujenga utaegemea maneno hayo. Tarehe nazo zitazamwe: kadi zilizojazwa Julai pekee haziwezi kumwonyesha korongo mweupe, ambaye hutujia kutoka Ulaya wakati wa baridi ya huko. Aidha, mraba mmoja una ukubwa wa takriban kilomita 85 za mraba, karibu robo tatu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, hivyo hauwezi kusema lolote la hakika kuhusu shamba la ekari 50 lililomo ndani yake. Kazi ya uwandani inabaki palepale; kinachopatikana ni kujua aina zipi zitafutwe, na miezi ipi.

Kwa upande wa mimea, milango ya kubisha ni ya Herbaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya sampuli za mimea kwenye Makumbusho ya Taifa, ambako kila sampuli iliyokaushwa huwa na lebo ya mahali na tarehe ilipochumwa. Barua ya kuomba kuziona sampuli hizo ni vyema itaje eneo na madhumuni ya utafiti waziwazi.