TAHADHARI: Anayeuza madungu ya kuzibwa Arusha na Moshi kwa picha za Marekani

Ndugu zangu wa Arusha, Moshi, Siha na Longido, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza madungu ya mbao. Ni yale yaliyozibwa pande zote, yenye ngazi, mlango, madirisha na paa la bati, ya kulindia shamba usiku au kuangalizia wanyama. Anajiita kampuni. Msimpe hela. Jina analotumia hubadilika, kwa hiyo nawaelezea kazi yake ili mumtambue kwa hiyo.

Mimi ni fundi seremala hapa Moshi. Madungu yake mawili nimeitwa kuyakagua, moja la mzee wetu mmoja wa Ngarenairobi anayelinda mahindi na maharage yake dhidi ya tembo, jingine la mama mwenye sehemu ya watalii kupigia kambi kando ya barabara ya Momella. Yote mawili niliwaambia wenyewe wasipande tena, wala wasiruhusu mtoto acheze chini yake. La mzee lilikuwa limeshainamia upande wa ngazi. Vijana wake wawili walikuwa wakilala humo ndani usiku, mita tatu juu ya ardhi. Ndiyo maana naandika kwa ukali, kwa sababu hapa fedha ni hasara ya pili.

Anaanza na picha. Picha nzuri kweli, kibanda kimesimama juu ya miguu minne, kimepakwa rangi ya majani, ndani kuna zulia na kiti. Ziangalieni vizuri. Hayo ni mabanda ya wawindaji wa Marekani, wanaokaa humo kumvizia kulungu wa kule mwenye mkia mweupe. Utaona miti iliyopukutisha majani, wakati mwingine theluji, na mara nyingi jamaa aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, kwa sababu majimbo mengi ya kule yanamlazimisha mwindaji wa bunduki kuvaa rangi hiyo ili mwenzake asimpige risasi. Hakuna hata picha moja aliyopiga Sanya Juu wala Usa River. Ukimwomba akupeleke kwa mteja aliyejengewa msimu uliopita, anasema mteja amesafiri.

Halafu ramani. Anakutumia mchoro wenye vipimo vya inchi na futi, unaonekana wa kitaalamu, na wengi wanaishia kuamini hapo. Mchoro wenyewe si mbaya. Ubaya ni kwamba anachukua bei ya mchoro na kujenga kitu kingine. Mzee aliambiwa shilingi milioni 3 na laki 2, akatoa nusu kama kianzio. Mbao zilipofika akadaiwa hela ya "dawa ya mbao", kisha hela ya usafiri, na kabla bati halijapanda alikuwa ameshalipa karibu yote. Malipo yalikwenda kwenye namba za simu mbili tofauti, zenye majina mawili tofauti, na hakuna hata moja linalofanana na lile la kampuni. Risiti ni karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Kampuni halali inatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Sasa mbao, na hapa naomba msome polepole, maana ujanja huu hauko kwake peke yake.

Anadai mbao ni za paina zilizotiwa dawa. Ni za kijani, kweli. Lakini dawa halisi, ile yenye shaba, kromiamu na aseniki, huingizwa ndani ya mbao kwa mgandamizo kwenye tangi kubwa la chuma. Haipakwi kwa brashi. Nilipokata kipande cha nguzo ya mzee, ukijani uliishia juujuu tu, unene wa ganda la yai, na ndani mbao ilikuwa nyeupe kabisa. Upande uliozama ardhini mchwa walikuwa wameshaingia. Za yule mama zilikuwa zimepakwa rangi iliyochanganywa na oili chafu ya gari, harufu yake unaisikia jua likipiga.

Kwa hiyo ukinunua mbao za dawa, kwake au kwa mwingine yeyote, mwambie akukatie moja mbele yako, na akate katikati ya urefu wake. Asikate mwishoni, kwa sababu ncha hunywa dawa nyingi kuliko sehemu nyingine na zinaweza kukudanganya. Paina iliyotiwa dawa sawasawa ina rangi iliyoingia ndani kabisa kwenye mbao changa ya nje, na ni moyo wa mti tu unaoweza kubaki na rangi yake. Kwenye mirunda ya mkaratusi utaona pete ya kijani kuzunguka moyo. Muuzaji akikataa kukata, ondoka. Na vipande vinavyobaki msivitie jikoni kabisa, wala kuchomea nyama. Moshi na majivu yake yana aseniki, ni sumu.

Kosa la pili ni unene wa nguzo. Mchoro unasema inchi nne kwa nne. Yeye analeta tatu kwa tatu, na ukiuliza ana jibu tayari: "Hata Wamarekani nne kwa nne yao haifiki nne." Jibu hili limewanyamazisha watu kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mbao ya kule inayoitwa nne kwa nne, ikisharandwa, hupima inchi tatu na nusu kila upande, yaani milimita 89. Ila inchi tatu na nusu si inchi tatu. Ukakamavu wa nguzo dhidi ya kupinda hupungua kwa kasi kuliko macho yanavyoona: nguzo ya inchi tatu ina zaidi kidogo ya nusu ya ukakamavu wa ile ya tatu na nusu, na haifikii hata theluthi ya nne kamili. Kwa tofauti ya nusu inchi amekuuzia nusu ya nguzo. La Momella ndilo lililoniumiza zaidi, maana huko alipigilia pamoja mbao mbili za mbili kwa nne kwa misumari, akapaka rangi juu ya mshono usionekane.

Upepo sasa. Watu wanafikiria uzito wa aliyepanda, wanasahau kwamba kibanda kilichozibwa pande zote kimesimama kama tanga. Dungu letu la kawaida la wazi, la miti na makuti, upepo unapita katikati. Hili haliupishi. Chukua kibanda cha mita 1.8 kwa 1.8, ukuta wa mita 2, sakafu mita 3 kutoka ardhini. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, ambao ukitangulia mvua si jambo la ajabu, unausukuma ukuta mmoja kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100, na msukumo huo unakaa mita 4 juu. Miguu ikishuka wima, ili dungu lisinyanyuke upande mmoja kwa uzito wake tu, lazima lenyewe na waliomo wafikie karibu kilo 500. La mbao za paina na bati jepesi, pamoja na vijana wawili, halifiki huko. Ukiitanua miguu chini hadi mita 2.4 kutoka mguu mpaka mguu, hitaji linashuka chini ya kilo 400, na ukifunga kila mguu kwenye zege zito, wasiwasi unaisha. Michoro ya Kimarekani inaonyesha miguu iliyotanuka na nanga za ardhini kwa sababu hiyo hiyo. Yeye ameisimamisha wima kwa sababu kukata mshazari kunachukua muda, na nanga hakuweka hata moja.

Msingi wake ni shimo fupi, nguzo imetumbukizwa, zege kavu limemwagwa pembeni na udongo juu. Zege la namna hiyo hushika maji ya mvua yakaizunguka mbao ikaoza, hata ingekuwa ya dawa. Inavyotakiwa ni zege linyanyuke juu ya usawa wa ardhi, lizamishwe bamba la chuma lenye masikio, na nguzo ikae juu ya bamba, ifungwe kwa boliti zinazopita upande hadi upande.

Misumari amepiga kila mahali, hata pale boriti za sakafu zinaposhika nguzo, mahali ambapo uzito wote unakaa. Dungu likitikisika kwa upepo msumari huchomoka kidogokidogo. Boliti ya milimita 12 yenye washa pande zote mbili hukaza mbao na kubaki. Ramani aliyoiba ilitaka boliti zilizochovywa kwenye zinki, na kuna sababu: kuanzia 2004 mbao za matumizi ya nyumbani Marekani zilihama kutoka dawa yenye aseniki kwenda dawa zenye shaba nyingi zaidi, ambazo hula chuma kisicho na kinga. Mihimili ya kukatiza, ile inayochora herufi X kati ya mguu na mguu, ameweka upande mmoja tu, ule wa mbele unaopigwa picha. Inatakiwa pande zote nne.

Mlango wake unafungukia nje, juu ya ngazi. Mtu aliyeamshwa usiku na kelele za tembo ausukume, na hatua inayofuata ni hewani. Ufungukie ndani. Madirisha nayo ni membamba, kwa sababu mwindaji wa Marekani anataka kulungu asimwone akijisogeza na asimnuse. Mlinzi wa shamba ana haja tofauti. Anatakiwa kuona pande zote nne na kushuka haraka. Kama mko upande wa Enduimet, ambako tembo hupita kati ya Amboseli na Magharibi ya Kilimanjaro kwa ushoroba wa Kitendeni, dungu msiliweke kwenye njia yao hata likiwa imara namna gani. Tembo akiamua kulisukuma, hakuna mbao itakayomzuia.

Kuna jambo jingine linaloweza kumfikisha mtu gerezani. Kwa wateja wa mjini wenye uwezo anaongeza huduma ya "kibali cha kuwindia kwenye shamba lako", analipisha pembeni na kuleta karatasi yenye muhuri. Hakuna kitu kama hicho. Wanyamapori wa Tanzania wako chini ya dola hata wakiwa katikati ya mahindi yako, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuwinda bila leseni inayotolewa na mamlaka husika. Fundi wa mbao hawezi kukuuzia. Ukikutwa na nyama au pembe ya swala, hizo ni nyara za Serikali, na karatasi yake haitakutetea. Malipo halali ya Serikali hutoka na kumbukumbu namba ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu. Mnyama akiharibu shamba, ripoti kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako mapema, kabla nyayo na uharibifu havijafutika, maana kuna utaratibu wa kifuta jasho na bila ukaguzi huwezi kuudai.

Ukitaka dungu kutoka kwa fundi yeyote, nikiwemo mimi, mwambie akupeleke kwanza kwenye dungu alilojenga ambalo limeshapitiwa na masika, ulitikise mwenyewe. Andikisheni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mkitaja unene wa nguzo kwa milimita, idadi ya boliti na kina cha zege. Vifaa nunua mwenyewe dukani, fundi mlipe ufundi kwa hatua: msingi ukikauka, fremu ikisimama, paa likimalizika. Na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala lifanane na la kitambulisho chake.

Kama ameshakujengea, usipande. Funga waya imara kutoka kona nne za juu hadi vigingi vya chuma vilivyopigwa mbali na miguu ili lisiangukie mtu, kisha ita fundi mwingine akate kipande cha nguzo na kufukua mguu mmoja. Bati, mbao za ukuta na mlango vya la mzee tumeviokoa, vinaweza kutumika tena. Nguzo na boriti za sakafu zote tumezitupa.

Mzee ameshafungua jalada polisi na ana namba ya RB. Yule mama anakwenda wiki hii. Mliolipa mkabaki na shimo tu shambani, nasikia mpo Kisongo na Himo, tunzeni meseji za miamala, picha alizowatumia na sauti zake, msifute kitu. Namba zake za simu zitumeni kwa ujumbe kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kisha niandikieni inboksi niwaunganishe na mzee, maelezo yenu yaingie kwenye jalada moja.