Mkanda wa vipande viwili au wa NATO: upi unashika saa kweli?

Kama saa yako ni ya shuluba, ya kukimbia porini, kuogelea, kupanda milima, afu bado iko kwenye mkanda wa vipande viwili na zile pini za springi za kawaida (vijiti vidogo vinavyoshika mkanda kwenye saa), angalia pini zako leo. Kila kipande kinashikwa na pini moja tu, sasa hiyo moja ikipinda au ncha yake ikiliwa na chumvi, kipande kinachomoka na saa inaanguka, na ukiwa majini ndo basi tena, inazama hata hujajua.

NATO ni utepe mmoja mrefu wa nailoni, unaingia kwenye pini ya kwanza, unapita chini ya mgongo wa saa, unatokea pini ya pili. Pini moja ikikatika saa inaning'inia kwenye nyingine. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliandika vipimo vyake mwaka 1973 kwa ajili ya wanajeshi, na mi naona mpaka leo hakuna njia rahisi kuliko hiyo.

Ila nailoni inakaa na maji muda, na mbaya zaidi inafunika sensa ya mapigo ya moyo. Saa ya sensa ibaki na vipande viwili tu, lakini weka pini nene, milimita 1.8 badala ya 1.5 kama tundu linaruhusu, na ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Saa isiyo na sensa? NATO, sina hata cha kufikiria.