Miezi tisa ya uanagenzi wa saikolojia Likoni: niliyoyapata na yaliyoniumiza

Wenzangu wa darasa linalonifuata wameniuliza kama kituo nilichofanyia uanagenzi kinafaa. Nawajibu kwa urefu kidogo, maana swali lenyewe halijibiki kwa ndiyo au la. Nilikuwa pale tangu Septemba 2024 hadi mwisho wa Mei 2025, katika kliniki ndogo ya jamii upande wa Likoni, Mombasa, nikikamilisha saa za vitendo za shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa nitayasema na mabaya yake, na kwa kuwa wateja wake ni majirani wa watu watakaosoma haya. Habari za wateja pia nimezibadilisha hapa na pale wasitambulike.

Kilichonifanya nisijute ni usimamizi. Kila Alhamisi nilikaa saa nzima na msimamizi wangu, sisi wawili tu, mlango umefungwa. Kila Jumatatu asubuhi tulikutana naye kwa pamoja, mimi na wanagenzi wenzangu watatu, kila mmoja akileta kesi iliyomkwamisha. Katika miezi tisa hiyo Alhamisi zilizokosekana ni mbili, na zote mbili alinipigia simu usiku wake. Wako wenzangu waliopelekwa kwenye vituo vyenye majengo mazuri kuliko chetu, wakapewa wateja siku ya pili, na msimamizi wao walikuwa wakimkamata koridoni. Mimi wiki nne za mwanzo sikumhoji mtu. Nilikaa pembeni, mteja akishakubali, nikatazama na kunyamaza. Baadaye tukawa tunaigiza vikao sisi kwa sisi, kisha nikaingia na msimamizi, na Novemba ndipo nilipoachwa peke yangu.

Kwa wateja walioridhia, kikao kilirekodiwa, na Alhamisi tulisikiliza dakika kumi za rekodi hiyo kabla haijafutwa. Hakuna lililonifunza kama hizo dakika kumi. Katika rekodi yangu ya kwanza mama mmoja anasema, "Siku hizi hata chai hainipendezi," nami bila kupumua namuuliza kama analala vizuri, kwa sababu usingizi ndio uliofuata kwenye fomu. Msimamizi alisimamisha, akarudisha nyuma, akasimamisha tena pale pale. Akaniuliza, "Chai ilimpendeza mara ya mwisho lini? Alikuwa akiinywa na nani?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilimuuliza, naye akanieleza habari za dada yake aliyefariki, waliyekuwa wakikaa naye barazani kila alasiri. Hilo fomu isingelinipa kamwe.

Fomu yenyewe ni PHQ-9, inayotumika mahali pengi duniani. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 hivi ndipo tunapoanza kuangalia kwa makini kama ni sonona. Chuoni niliijua kwa Kiingereza, na niliamini kwamba kuitumia kwa Kiswahili ni kusoma tu karatasi ya tafsiri. Siku moja mteja aliposikia jibu la "zaidi ya nusu ya siku hizo", akanijibu, "Ndiyo, nusu ya siku. Asubuhi nakuwa mzito, ikifika adhuhuri napata afadhali." Yeye alikuwa akihesabu saa za mchana, mimi nahesabu siku kumi na nne, na tangu mwanzo wa mahojiano hatukuwa tunaelewana. Nilipoipeleka kesi hiyo Jumatatu, ikaonekana wenzangu wawili walikumbana na jambo hilo hilo wakalipita. Tangu hapo tulifundishwa tusome swali kama lilivyoandikwa, kisha tuhakikishe: hizi wiki mbili, siku mbaya zilizidi saba au hazikufika?

Salamu nazo zilichukua Jumatatu nzima. Pwani mtu huulizwa hali akajibu "salama, alhamdulillah" hata akiwa ametoka kuzika. Ni adabu, wala hakukusudia kukuficha. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari kwamba mteja anaripoti hali nzuri. Msimamizi akatuzoesha tusalimie kikamilifu, tuulize watu wa nyumbani, tumalize mzunguko wote, kisha tukae kimya kidogo kabla ya swali la kwanza la kazi. Watu wengi walianza kusema katika kimya hicho, na walianza na mwili: kichwa hakitulii, kifua kinabana, moyo unaenda mbio, miguu haina nguvu. Anayesubiri mteja atamke "nina huzuni" atasubiri sana.

Wengi wa wateja wetu walikuwa wameshapita kwingine. Wamesomewa ruqya, yaani kisomo cha Kurani cha kuponya, wamekunywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, au wameambiwa ni jini, ni hasadi ya jirani. Nilikuja nikiwa na hofu ya sehemu hii, kwa sababu mafunzo ya darasani yalinipa chaguo mbili tu, kukubali au kubisha. Kituoni nilifundishwa kuuliza: nani aliyekwambia, ulipata nafuu siku ngapi, na nafuu yenyewe ilikuwaje? Bibi mmoja alisema baada ya kusomewa alilala usiku tatu mfululizo, kwa kuwa wanawe wote walikuja wakalala kwake. Tuliendelea kutoka hapo, kwa wanawe, na hatukuwa na haja ya kumvunjia imani yake.

Tiba tuliyoitumia zaidi ni ile ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+. Ni vikao vitano: kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kulishika tatizo moja linalotatulika, kurudia shughuli ulizoziacha, kuimarisha watu wanaokushika mkono, na mwisho namna ya kubaki na nafuu. Imetengenezwa ili hata asiye mtaalamu aifanye akiwa chini ya usimamizi, na mojawapo ya majaribio yake makubwa lilifanyika hapa Kenya, na wanawake wa vitongoji vya Nairobi waliopitia ukatili. Naisifu, ila niseme ukweli, kwa vijana waliokuwa wakitumia unga, yaani heroini, haikutosha. Wale tuliwaelekeza kwenye huduma ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, na kuendelea kuwaona kwa mengine.

Swali la tisa la fomu linauliza kuhusu fikra za kufa au kujidhuru. Miezi yangu ya mwanzo niliona watu wakiliangalia dirisha nilipofika hapo. Kosa la kujaribu kujiua lilikuwa bado kwenye kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na familia zilikuwa zikijua polisi wanaweza kuhusika. Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, msimamizi alitusomea uamuzi Jumatatu ile, akatufundisha namna ya kumweleza mteja kwa maneno mepesi. Sisemi hofu iliisha. Lakini mzee mmoja, aliyekuwa amejibu "la" mara tatu katika miezi mitatu, aliniuliza, "Basi nikisema sikamatwi?" Akasema. Tukakaa naye jioni ile mpaka mwanawe akaja, tukapanga pamoja nani abaki naye na dawa za nyumbani ziwekwe wapi. Ningekuwa nimeachwa peke yangu na fomu, sijui ningefanya nini.

Sasa yaliyoniumiza. Chumba cha pili cha ushauri kimetengwa na sebule ya kusubiri kwa ubao mwembamba, na mteja akilia, walio nje wanasikia. Nililalamika Oktoba, nikalalamika tena Machi, tukapewa redio ya kuwasha sebuleni. Kwa kituo kinachotusainisha kiapo cha usiri siku ya kwanza, hili halivumiliki, na nililiandika hivyo kwenye tathmini yangu ya mwisho. Posho hakuna kabisa. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini tuktuk na chakula cha mchana si bure, na mwenzetu mmoja aliacha Februari kwa ajili hiyo tu, naye alikuwa bora kuliko mimi.

Na mara moja nilitumwa kumtembelea mteja nyumbani bila mhudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa siku hiyo hakupatikana. Nilifika nikakuta ugomvi, mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilitoka salama. Msimamizi wangu aliposikia alikasirika kwa niaba yangu, na utaratibu ukabadilishwa siku ya pili, lakini kwa wiki mbili sikulala vizuri, na aliyenituma hajaniomba radhi hadi leo.

Ningeenda tena? Ningeenda, kwa sababu ya yule msimamizi, na ndiyo maana siwezi kuwaambia "nendeni" tu. Akihama, mafunzo yatahama naye. Kabla hamjatia saini, ulizeni jina la atakayewasimamia na kama amesajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Ulizeni usimamizi ni saa ngapi kwa wiki na zimeandikwa wapi, na nani anayefuatana nanyi majumbani. Kisha ombeni kukaa sebuleni dakika tano wakati kikao kinaendelea chumba cha pili. Mkisikia maneno ya mteja, mtajua kama ule ubao wameubadilisha.