Peponi na Siti binti Saad: kimoja nunua, kingine azima

Haya, asalaam alaykum, karibuni tena. Leo salamu fupi, maana nina vitabu viwili hapa, kimoja kimenipiga chenga na kingine chanikera, na mdogo wangu huyu nyuma ya kamera ashanionya: betri nusu, umeme hakuna tangu asubuhi. Kwa hivyo mkiona jasho, msiniulize. Feni yenyewe imelala.

Tuanze na hiki. Peponi, cha Abdulrazak Gurnah. Habari za Nobel yake ya fasihi ya 2021 mwazijua, sirudii. Kwa Kiingereza kilitoka 1994 na mwaka uo huo kikafika orodha ya mwisho ya Booker, ile tuzo ya riwaya ya Uingereza. Hiki changu ni cha Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kimechapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Jalada, karatasi, ukubwa wa herufi, mtaviona wenyewe.

Sikilizeni sasa. Kuna kijana wa miaka 12, jina lake Yusuf. Mzuri wa sura, watu humgeukia njiani. Babaake ana hoteli ndogo, na juu ya hoteli ana madeni. Kuna tajiri mmoja hupita pale na misafara yake, yuanukia manukato, kila akija humpa mtoto sarafu, na mtoto amhesabu ni jamaa. Siku moja Yusuf apandishwa garimoshi na huyo tajiri. Afurahi. Adhani ni matembezi. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la babaake! Na hakuna aliyemwambia, mpaka amefika dukani pwani ndipo kijana mwenzake, Khalil, ampasulia: huyu si jamaa yako, huyu ni bwana wako.

Na jina la huyo tajiri? Aziz.

Simamisheni hapo. Yusuf. Sura nzuri. Amekabidhiwa mtu kwa mali. Bwana wake Aziz. Nani hapa amesoma madrasa? Nyote mmesoma, msijifiche! Mimi nilipofika hapo nilisema, ah, mzee Gurnah, hii twaijua, ni kisa cha Nabii Yusuf. Nikawa nasoma kwa kiburi, nangoja yule mke wa bwana amtamani kijana. Na mke akaja, ana bustani na ana jina: Zulekha. Qur'ani haikumtaja jina yule mke wa Aziz, lakini nyanya zetu walituhadithia kwa jina hilo hilo. Nawaambia, kwa kitabu hiki mtoto wa chuo cha Qur'ani cha Kuze, hapa Mombasa, awatangulia majaji wa London.

Ikaja shati. Hili lazima niwaonyeshe kwa vitendo. Mdogo wangu, iache hiyo kamera hapo hapo, njoo. Shika dera langu kwa nyuma. Taratibu, la Idi hili! Sasa mimi nakimbilia mlangoni, yeye anivuta. Litapasuka wapi? Mgongoni. Haya, njoo mbele. Tuseme mimi ndiye niliyemvamia, yeye ajitetea, anishika kifuani anisukuma. Litapasuka wapi? Mbele. Ndiyo ule ushahidi wa Sura Yusuf, aya ya 26 hadi 28: kanzu ikiwa imechanwa mbele, mwanamke asema kweli, ikichanwa nyuma, mwanamume ndiye mkweli. Basi shati la huyu Yusuf wa riwaya nalo lachanwa kwa nyuma. Rudi kwenye kamera.

Hapo utasema, si amenakili tu? Hata mimi lilinipitia hilo, na kwa kurasa kadhaa nilikuwa namnunia. Lakini hebu fuateni anachokiondoa. Nabii Yusuf alifasiri ndoto za mfalme. Huyu ndoto zake mwenyewe zamtisha usiku, mbwa wamjia, na hana wa kumfasiria. Nabii Yusuf alitolewa jela akawekwa juu ya hazina za nchi, wazazi wake wakaletwa mpaka kwake. Mimi mtoto wa chuo nikawa nangoja cheo. Nangoja wazazi waje. Nafungua ukurasa, naona Wajerumani ndio wanaokuja. Ile hadithi niliyodhani naijua ndiyo iliyonifunga macho nisione kinachomjia huyu mtoto. Mwisho siusemi, ng'o! Nilimaliza niko foleni ya feri Likoni, na feri ikaja ikaondoka bila mimi.

Dosari zipo. Safari ya bara ni ndefu: mizigo, homa, mvua, mnyapara na fimbo yake, halafu mtawala mmoja wa huko, jina lake Chatu, awapokonya bidhaa zote. Kuna mahali niliruka kurasa na sitatubu. Lakini msiruke pale kwa Hamid, yule mwenye duka, na Kalasinga, fundi Singasinga, ambaye ana azma ya kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Singasinga! Mabishano yao ni ya barazani kabisa, wayaweka Mji wa Kale baada ya Alasiri na hakuna atakayegeuka.

Kuna mliosema nianze na Afterlives, riwaya yake ya 2020, ya askari wa Wajerumani. Nimeisoma nusu. Nzuri, ina mapenzi, ina subira zaidi kwa msomaji. Ila kama watafuta cha kukufanya ukose feri, ni hiki.

Bei! Kimenitoka zaidi ya shilingi alfu moja, na nilibebewa na shoga yangu aliyekuwa akirudi na basi la Dar. Twajengewa barabara na reli, kitabu cha Kiswahili chavuka mpaka ndani ya mkoba wa mtu!

Cha pili, Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert. Hiki si hadithi, ni maisha ya mtu. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu 1880, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu, akaingia mjini, akaimba taarabu mpaka akapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV kwa Kiswahili. Maisha kama hayo, wewe mwandishi kazi yako ni kukaa kando! Lakini Shaaban Robert, Mungu amrehemu, ni yule ami aliyepewa maikrofoni harusini. Siti aanza kutembea, yeye atoa nasaha. Siti apanda chombo, nasaha. Nataka kujua alikula nini Bombay, alimwogopa nani, yeye anipa hekima!

Halafu afanya jambo, wallahi nikamsamehe nusu. Ayaweka mashairi ya mafumbo. Wenye wivu walimwimba Siti kwamba alitoka shamba na kaniki, na lau si sauti angekula nini. Matusi ya kumvua mtu nguo. Naye akajibu kwa utulivu kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Hakumtaja mtu! Sisi tuliolelewa na kaseti za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, twajua jibu la namna hiyo launguza vipi. Mistari hiyo michache yanionyesha huyo mama kuliko sifa zote zinazoizunguka.

Hiki ni chembamba, nimekipata kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, kwa shilingi 150, na muuzaji alianza 250. Mwenye nacho muombeni awaazime, msomeane yale majibizano kwa sauti.

Na kabla betri haijazima, habari za chaneli. Video zahamia Alhamisi, maana Ijumaa nyinyi wote mko harusini na mimi pia. Wale wenzetu wa vitabu mia kwa mwaka, Mungu awape nguvu, msinilinganishe nao, mimi hata kimoja chanikosesha feri. Wiki ijayo ni zamu ya mwana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyaandika kwenye karatasi za chooni akiwa kifungoni, 1969 hadi 1972. Kuna mjomba wangu ayajua kadhaa kwa moyo, amekubali kuja kuyasoma hapa, kwa sharti asionyeshwe uso na apewe kahawa ya…

Imezima? Bado? Haya, kahawa ya tangawizi. Bonyezeni kengele.