Rimoti ya shilingi 450 na boksi la mamangu: imeshika, ila si siku ya kwanza

Mpwa wangu wa miaka mitatu aliitumbukiza rimoti ya boksi la TV kwenye ndoo ya nguo zilizorowekwa. Tukaitoa, tukaianika barazani siku mbili, ikarudi nusu: mishale yafanya kazi, sauti yafanya kazi, lakini OK, kitufe cha kurudi na kile chenye picha ya nyumba vimekufa kabisa. Na boksi la Android bila OK ni pambo. Mamangu, ambaye akishaswali Isha hana shughuli nyingine ila tamthilia zake za Kituruki, hakusema neno. Alinitazama tu.

Boksi lenyewe ni yale ya Kichina yasiyo na jina la kueleweka, kakangu alikuja nalo kutoka Dubai. Rimoti yake halisi huipati dukani. Nikatoka hapa Kibokoni, Mombasa, kwa miguu hadi upande wa Barabara ya Digo, duka la tatu nikaonyeshwa rimoti ya kila TV, ile inayoandikwa kwenye pakiti kwamba inajifunza, yaani yaiga vitufe vya rimoti nyingine.

"Ami, hii itashika boksi la Android?"

"Mwanangu, hii yashika kila kitu."

Alianzia 600, tukaelewana 450. Betri mbili zile nyembamba nikanunua kando.

TV ilinipa moyo. Unabonyeza SET mpaka taa nyekundu ibaki imewaka, unaielekeza kwenye TV na kuachia, rimoti inaanza kujaribu nambari moja baada ya nyingine, na TV ikizima unawahi kubonyeza OK. Dakika tatu hivi nilikuwa nimemaliza, sauti yapanda na kushuka. Boksi je? Kimya. Kikaratasi cha maelezo kina nambari za TV za kila aina, hata za kampuni ambazo sijawahi kuziona, lakini maboksi hayamo. Nikarudia ile ya kutafuta yenyewe hadi kidole kikauma. Usiku huo mamangu alilala mapema, na kulala kwenyewe kulikuwa kwa kununa.

Kesho yake nikaanza upya, taratibu. Kwanza nikafungua kamera ya simu, ile ya mbele, nikaielekezea rimoti usoni na kubonyeza. Jicho la mtu halioni mwanga unaotoka kwenye rimoti, kamera huuona: kinametameta kidoa cheupe chenye uzambarau. Kumbe rimoti yangu nzima. (Tumieni ya mbele, kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachouzuia.) Nikageukia boksi, nikacheka peke yangu. Mamangu amelifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, cha seti moja na vya makochi, na jicho la kupokelea liko chini ya maua. Nikakikunja. Bado kimya, lakini sasa nilijua tatizo limebaki lugha. Rimoti nyingi za namna hii hupepesa mwanga mara 38,000 hivi kwa sekunde, na kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa kupepesa. Boksi langu lilikuwa linamwona mtu anayesema lugha nyingine.

Hapo ndipo ile kazi ya kujifunza inapostahili pesa yake. Shida ni kwamba ilihitaji rimoti nzima ya kuifundisha, na yangu vitufe muhimu vimekufa. Lakini kakangu alileta maboksi mawili, la pili liko kwa jirani wa ghorofa ya juu. Nikapanda, nikamsalimu, nikaomba rimoti yake nusu saa, nikapewa na sahani ya viazi vya karai juu yake.

Unazilaza mezani zikitazamana uso kwa uso, nafasi ya vidole viwili katikati. Unaingiza mpya kwenye hali ya kujifunza (vitufe vya kuingilia hutofautiana, someni karatasi yenu), unabonyeza kitufe unachotaka kifundishwe, kisha kile kile kwenye ya zamani. Taa ikipepesa, kimeshika. Mara ya kwanza nilikaa dirishani, jua la saa tisa likanivurugia, nusu ya vitufe vikashika upuuzi. Nikahamia ukumbini kwenye kivuli. Pia usikandamize sana: mshale wa chini niliushikilia, ukawa unaruka mistari miwili kila nikiugusa, ikabidi niufundishe tena kwa mguso mfupi. Kitufe cha kuzima nilikiacha cha TV, cha boksi nikakiweka kwenye kile chekundu. Hata kile cha kuleta mshale wa kipanya kilikubali. Kisha nikatoa betri na kuzirudisha kuona kama itasahau. Haikusahau.

Sasa onyo, maana dadangu wa Likoni alivuka na feri kuja kununua kama yangu, na pesa yake ikaenda. Yeye hana boksi, ana Fire TV Stick, kile kijiti kinachochomekwa kwenye TV. Hicho hakina jicho la mwanga, rimoti yake huzungumza kwa Bluetooth, ndiyo maana kifaa kinakaa nyuma ya TV na bado kinatii. Chromecast yenye Google TV ni hivyo hivyo. Rimoti ya kujifunza ya bei hii haina la kufanya hapo. Tulichomfanyia ni kuingia kwenye mipangilio ya TV na kuwasha CEC, njia ya TV kukipa amri kifaa kilichochomekwa, ambayo Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink na Sony Bravia Sync. Amri zikapita kwenye waya wa HDMI, rimoti ya TV yake ikaanza kuendesha mishale na OK. Programu ya simu nayo hufaa, mradi simu na kifaa viwe kwenye waifai moja. Ile ya 450 sasa anaongezea sauti ya TV, basi.

Mimi naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kikaratasi, na kwa sababu kutafuta kwa sauti hakuwezekani, maana haina maikrofoni. Mamangu huandika majina ya tamthilia herufi moja moja, na hajalalamika.

Siku ya tatu nimeikuta ameivisha nailoni, ameifunga na gundi ya karatasi pande zote, unyevu wa bahari usile vyuma vya betri kama ulivyokula ya redio. Gundi ilikuwa ya kahawia, na alikuwa ameipitisha mara mbili usoni, juu ya taa. Nikaitwa kutoka chumbani: "Hebu njoo, hii nayo imekufa."