TAHADHARI: Dalali na mwenye nyumba wa uongo Nyegezi wamenichukulia shilingi 710,000

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba za kupanga Mwanza, naandika haya mikono ikinitetemeka kwa hasira, na kwa aibu pia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya wenzangu kazini wasitume fedha kwa mtu wasiyemjua. Mnaonifahamu mnajua kwa nini nililazimika kuondoka Mabatini kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo sitayarudia hayo. Nilikuwa nikitafuta chumba masta na sebule ndani ya uzio, mahali ambapo binti yangu anaweza kurudi kutoka shule jioni bila mimi kukaa roho juu, kwa kodi ambayo mtu wa mshahara wa shilingi 400,000 anaweza kuimudu.

Dalali nilimpata kupitia tangazo la WhatsApp. Kwa siku mbili alinizungusha Mkolani na Buhongwa, kwa shilingi 10,000 ya usumbufu, akinionyesha vyumba vibovu tu: kimoja kilikuwa na choo cha nje cha kushirikiana na wapangaji tisa, kingine kilikuwa juu kabisa kwenye mawe, ambako maji hupandishwa kwa ndoo. Leo naelewa kwamba alifanya hivyo makusudi, ili nitakapofikishwa Nyegezi nisiwe na macho ya kuuliza chochote.

Pale Nyegezi tulimkuta uani mzee mmoja, huyo mwenye nyumba wa uongo, amevaa baraghashia, akimwagilia mchicha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba pasipo kuacha kumwagilia, kisha akatoa mfukoni funguo nne zilizofungwa pamoja kwa uzi wa buluu wa nyavu, akafungua mlango kwa ufunguo wa kwanza bila kubahatisha. Rangi ya ukutani ilikuwa bado inanukia upya. Alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu. Akanionyesha mita ya umeme ya LUKU, akasema uniti zilizobaki ananiachia. Nilipomweleza kipato changu, alipunguza kodi kutoka 120,000 hadi 100,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita. Nikafungua mkoba nimpe angalau 200,000 za kutanguliza, naye akazikataa. Alisema, “Mwanangu, usinipe hela leo. Nenda ukaongee na wazee wako, ukiridhika urudi.”

Nawauliza, mtu aliyeshika funguo, anayemwagilia mboga, anayekataa fedha mkononi, ungemshukuje? Nimelelewa kumheshimu mzee, na heshima hiyo hiyo ndiyo waliyoitumia kuninyang’anya.

Saa mbili usiku dalali alinipigia simu, akasema kuna muuguzi anayetaka kulipa kodi ya mwaka mzima usiku ule ule. Mzee akapewa simu, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba amenipenda kwa adabu yangu, lakini mimi mwenyewe ndiye ninayechelewa. Wakanitumia picha ya mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nilipoingiza namba waliyonipa, likatokea jina la mwanamke ambalo halikuwa kwenye mkataba. Nikauliza. Mzee akasema ni simu ya mke wake. Nikaweka namba ya siri, nikatuma 600,000, nyingi zikiwa ni mkopo wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kisha 100,000 ya dalali.

Jumamosi asubuhi kirikuu, gari dogo la mizigo, ilipofika na vitu vyangu, nilikuta kirikuu nyingine imekwisha kuegeshwa, ina kitanda na friji, na pembeni yake kijana na mkewe aliyembeba mtoto mchanga. Wao pia walikuwa wamelipa miezi sita. Kabla hatujamaliza kuonyeshana mikataba, yenye muhuri mmoja na maneno yale yale, akafika mpangaji wa tatu. Niliketi juu ya godoro langu ndani ya kirikuu, nimeshika mapazia niliyokwisha kushonesha kwa vipimo vya dirisha lile. Simu zote mbili zilikuwa hazipatikani, na fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa tangu usiku ule.

Mwenye nyumba halisi ni mama anayeishi Sengerema. Alivuka daraja la Kigongo–Busisi kesho yake, akatueleza kwamba dalali huyo ndiye aliyepanga kwake nyumba hiyo kwa miezi mitatu, wiki mbili tu kabla, na kwamba hajawahi kumwona mzee wa aina hiyo. Mwenyekiti wa mtaa naye aliutazama muhuri, akasema si wake.

Watu hawa wafungwe. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika miaka saba. Mimi nataka waitumikie yote pale gereza la Butimba, dalali na mzee wake pamoja na mwanamke mwenye laini ile. Sitaki wanirudishie nusu tuyamalize kifamilia. Anayemchukulia mama kodi ya miezi sita amemlaza mtoto wake nje, na hiyo si kesi ya kusuluhishwa kwenye baraza la nyumba.

Tumekwisha kuripoti polisi na kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yetu. Wewe uliyelipa kwa ajili ya nyumba hiyo, nenda kituoni ukatoe maelezo, na namba zao uziripoti kupitia 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na wewe unayetafuta, nenda kwanza kwa mwenyekiti au mjumbe ukamuulize nyumba ni ya nani, gonga hodi kwa jirani, na jina likitokea tofauti kwenye simu, acha hapo hapo. Dalali ni kijana mrefu, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, na anapenda kuita kila mwanamke “dada mkubwa”.

Jana jioni picha ya sebule ile ile, yenye ufa mwembamba juu ya dirisha, imewekwa tena kwenye kundi jingine, safari hii kwa 90,000. Mama wa Sengerema amekwisha kubadilisha kitasa, na hajamtuma mtu yeyote kuipangisha. Msitume fedha.