Darasa la jioni la hoja ya chanzo cha ulimwengu, Ngamiani, Tanga

Darasa hili la baada ya Isha linafaa sana, hasa kwa jinsi mwalimu anavyotenganisha hoja mbili za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu ambazo wengi huzichanganya. Ya al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, ina hatua tatu: kila kilichoanza kuwapo kina msababishi, ulimwengu ulianza, basi una msababishi. Ya Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemtangulia, haihitaji mwanzo. Hata ulimwengu ungekuwapo tangu azali, vilivyomo vingeweza kutokuwapo, kwa hiyo lazima awepo Asiyetegemea chochote. Ndiyo maana swali la “Mungu naye kaumbwa na nani?” halizigusi: hakuna iliyodai kwamba kila kitu kina msababishi. Sehemu hii imefundishwa vizuri mno.

Pingamizi ndipo darasa linapopwaya. Mwanafalsafa Mskoti David Hume anapitiwa juujuu, na Mwingereza Bertrand Russell hatajwi kabisa, ilhali mdahalo wake na padri Copleston kwenye BBC mwaka 1948 unabeba swali zito: kila mtu ana mama, je, jamii yote ya wanadamu nayo ina mama? Yaani, hata kama kila kilichomo ulimwenguni kina msababishi, je, ulimwengu wote nao lazima uwe naye? Tena, kutoka kwa msababishi hadi Mungu mwenye elimu na utashi kuna hatua nyingine, nayo inarukwa.

Karatasi za muhtasari zimefifia. Nenda na daftari.